Maoni Yako Kuhusu Stesheni Kuu ya Nairobi: Yaandike, Yapigwe Muhuri

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na jiji zima likaota kando yake. Kabla ya hapo palikuwa uwanda wenye maji, mahali pa mwisho palipo tambarare kabla ya kupanda kuelekea Kikuyu na Bonde la Ufa. Wahandisi waliweka hapo karakana na stoo zao, na watu wakafuata. Leo ardhi hiyo ya reli, yapata ekari 425 kusini mwa katikati ya jiji, imewekewa mpango mkubwa wa kujengwa upya uitwao Nairobi Railway City. Rais William Ruto aliuzindua Desemba 2022, akiwa pamoja na James Cleverly, wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na kampuni yenye asili ya Uingereza iitwayo Atkins imekuwa na kazi kubwa katika usanifu wake. Katika mpango huo mna stesheni kuu mpya, ofisi, maduka, nyumba za kuishi na nafasi za wazi.

Ikiwa unapanda treni ya Embakasi, Ruiru au Syokimau, ikiwa unauza karanga pale langoni, ikiwa wewe ni utingo kwenye steji ya Railways, ikiwa unaishi Muthurwa au unapita pale kwa miguu kwenda kazini Industrial Area, mpango huu unakuhusu kuliko unavyomhusu aliyeuchora. Nami nasema wazi msimamo wangu: jiji hili linahitaji stesheni kuu mpya. Ninachokihofia ni kupata majengo marefu ya biashara ambayo treni imepewa kona tu chini yake, huku watu wanaoitumia stesheni wakisukumwa mbali nayo. Tofauti ya matokeo hayo mawili itaamuliwa na mambo madogo yanayoandikwa kwenye ramani na ripoti, na mengi kati ya hayo mwananchi anaweza kuyabadilisha akiwahi.

Anza na haki yako, kwa kifupi. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kimeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 37 kinakuruhusu kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, na cha 54 kinawahakikishia watu wenye ulemavu kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Huhitaji kuwa wakili wala kuwa na kiwanja. Na kwa kuwa Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, andika kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Nimeona watu wenye hoja nzito wakinyamaza mkutanoni kwa sababu makaratasi yote yalikuwa ya Kiingereza, na hoja zile zikarudi nao nyumbani.

Jua unaongea na nani

Hapa ndipo wengi hupotea. Ardhi na njia za treni ziko chini ya Shirika la Reli la Kenya, ambalo ni la serikali ya kitaifa. Matumizi ya ardhi ya jiji, soko, vibanda na steji za matatu ni kazi ya Kaunti ya Nairobi. Leseni ya mazingira hutolewa na mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA. Kuna pia wizara inayosimamia uchukuzi, na bunge la kaunti ambako mwakilishi wa wadi yako anakaa. Ukimwandikia mmoja tu, atakujibu kwamba jambo lako liko kwa mwenzake, na pengine atakuwa anasema kweli. Kwa hiyo barua yako iwe moja, ielekezwe kwa yule mwenye uamuzi, na nakala ziende kwa wengine wote, majina ya ofisi zao yakiwa yameorodheshwa chini ya sahihi yako ili kila mmoja aone kwamba wenzake wameipata.

Mradi wa namna hii hauamuliwi siku moja. Mpango mkuu una wakati wake wa maoni, tathmini ya athari kwa mazingira ina wakati wake, kuhamishwa kwa watu na wafanyabiashara kuna wakati wake, na kila awamu ya ujenzi huwa na vibali vyake. Matangazo hutolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kwenye magazeti ya kila siku, na tangazo la ripoti ya mazingira hutaja mahali pa kuisoma na mwisho wa kupokea maoni. Siku zinahesabiwa kutoka kwenye tangazo, si kutoka siku uliyosikia habari. Kwa hiyo kubalianeni katika chama chenu, au kundi lenu la WhatsApp la abiria, nani atakuwa akisoma Gazeti Rasmi kila Ijumaa. Ni kazi ya dakika chache, lakini ikikosa mwenyewe haifanyiki.

Omba makaratasi kabla ya kusema lolote

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ni chombo ambacho wananchi wachache mno wanakitumia. Inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na huhitajiki kueleza kwa nini unataka habari hizo. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Unaweza tu kudaiwa gharama ya kuchapisha nakala. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, afisa wa habari ana wajibu wa kumsaidia. Ofisi inapaswa kuamua ndani ya siku 21, na inaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Ukinyimwa, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama Ombudsman, ndani ya siku 30.

Usiandike “naomba habari zote kuhusu mradi”. Ombi pana namna hiyo hujibiwa kwa kijitabu chenye picha za kupendeza. Taja karatasi zenyewe: ramani ya mipaka ya eneo, mpango mkuu wenye maelezo yake, ratiba ya awamu, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, uchunguzi wa msongamano wa magari na watembea kwa miguu, na mpango wa kuwahamisha na kuwalipa fidia watakaoguswa.

Zikija, usianzie ukurasa wa kwanza. Anzia mwisho, kwenye viambatisho, ambako huwekwa kumbukumbu za mikutano na karatasi za mahudhurio. Tazama ni nani walioitwa, wapi, saa ngapi, na walisema nini. Ikiwa wachuuzi wa Muthurwa hawamo, au mikutano yote ilikuwa ya saa nne asubuhi siku za kazi katika hoteli, tayari una hoja. Kisha tafuta mipaka kwenye ramani na uweke kidole mahali unapofanyia kazi au unapopita. Kisha soma sehemu ya ratiba. Maelezo ya uzuri wa mradi yaache yangojee.

Andika unachokijua wewe

Mhandisi anazo hesabu zake, na usishindane naye kwa hesabu. Anachokosa ni kile unachokiona kila siku. Treni ya asubuhi ikiingia, watu wanatoka wakielekea Moi Avenue, na kizuizi chao cha kwanza ni Haile Selassie Avenue na magari yake. Wengine hugeuka kwenda steji ya Railways kutafuta matatu za Lang'ata, Rongai au Ngong. Wengine hushika njia ya Muthurwa na Marikiti wakiwa na magunia. Abiria wa Madaraka Express, treni ya kutoka Mombasa, aliyeshuka Syokimau usiku hufika Stesheni Kuu kwa treni ya kuunganisha akiwa na sanduku na watoto, na swali lake la kwanza ni mahali pa kupata usafiri bila kuporwa. Maji ya mvua ya Aprili hutuama wapi? Taa zipi haziwaki? Mama aliye na mtoto mgongoni anaenda choo gani, na analipa shilingi ngapi? Mikokoteni kutoka Marikiti hupita wapi alfajiri, na njia hiyo imo kwenye ramani mpya au imefunikwa na bustani?

Nenda ukaangalie ukiwa na daftari, saa ile unayoitumia stesheni mwenyewe na saa nyingine usiyoizoea. Andika tarehe, saa na mahali. Piga picha za njia na sehemu, si za nyuso za watu. Mkiwa kikundi, gawaneni milango na mhesabu watu wanaopita kwa nusu saa. Hesabu yenu haitakuwa ya kitaalamu, lakini mkieleza mliifanya vipi, itawalazimu wao kuonyesha ya kwao.

Kisha andika barua fupi. Kurasa mbili zinatosha, na kila jambo liwe na sehemu tatu: unachokiona, karatasi yao inasema nini na kwenye ukurasa gani, na unaomba nini. Mfano wa namna ya kuandika ni huu:

“Mimi ni abiria wa treni ya Embakasi na hushuka Stesheni Kuu kila siku ya kazi. Kati ya saa moja na saa mbili asubuhi abiria wengi hutoka kwa miguu kuelekea Moi Avenue, wakivuka Haile Selassie Avenue. Ramani iliyo ukurasa wa … inaonyesha mlango mkuu ukielekea … . Naomba, kwanza, mlango wa watembea kwa miguu uwekwe upande wa Moi Avenue. Pili, kivuko kiwe cha usawa wa barabara na chenye taa, kisiwe daraja la ngazi pekee, ili wazee, wajawazito na wanaotumia viti vya magurudumu waweze kuvuka. Tatu, naomba kuelezwa kwa maandishi idadi ya watembea kwa miguu iliyotumika kupanga upana wa mlango huo, na ilihesabiwa lini.”

Ombi lile la tatu lina uzito kuliko yote. Ofisa anaweza kuandika “maoni yamezingatiwa” juu ya barua inayosema hatutaki daraja. Hawezi kuandika hivyo juu ya swali linalodai tarehe na idadi. Lazima atoe jibu au aonekane hana. Kila barua yako iwe na swali moja la namna hiyo, na liwe ambalo kweli unataka jibu lake.

Miaka ya ujenzi

Mikutano mingi huzungumzia stesheni itakavyokuwa ikimalizika. Mimi nakusihi utumie nusu ya nguvu zako kwa miaka ya katikati, kwa sababu wanaoumia huumia wakati huo. Treni zitaendelea kuingia hapo hapo, au abiria watashushwa Makadara au Imara Daima watafute matatu? Nauli ya ziada ataibeba nani? Steji ya Railways itahamia wapi, na je, huko kuna choo, taa na njia ya kurudi mjini? Jiji hili limewahi kuhamisha steji mara nyingi, na kila mara abiria ndiye aliyetembea zaidi. Mchuuzi akihamishwa kwa miezi sita kwenda mahali ambapo wateja hawapiti, mtaji wake umekwisha kabla ya jengo kufika ghorofa ya kwanza, na kibanda kipya kikikamilika atakuwa hana cha kukitia. Omba ratiba inayoonyesha, kwa kila awamu, njia ipi itabaki wazi na biashara zitakaa wapi, na uombe masharti hayo yaandikwe ndani ya mkataba wa mjenzi. Ahadi ya mkutanoni haimfungi mjenzi.

Kwa wanaoishi au kufanya kazi ndani ya mipaka ya eneo, jambo la kwanza ni kuorodheshwa. Shirika la Reli lilipowahamisha waliojenga kando ya reli Kibera na Mukuru, kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, waliohesabiwa ndio waliopangiwa nyumba na vibanda vipya. Hesabu za aina hiyo huwa na tarehe ya mwisho. Anayefika baadaye hana nafasi. Uliza tarehe hiyo mapema. Hakikisha mpangaji ameandikwa na si mwenye nyumba tu, msaidizi wa kibanda ameandikwa na si mwenye kibanda tu, na kila mmoja apewe nakala ya fomu yake. Sheria ya Ardhi, tangu marekebisho ya 2016, inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa.

Wakazi wa Muthurwa wana historia yao katika jambo hili, na inafaa kujulikana. Mtaa huo ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kupinga kuondolewa na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, uliotaka kuliendeleza eneo. Mwaka 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa, ikiwemo ya makazi, na kuagiza pande husika zikutane kupanga utaratibu. Ukiandika kuhusu makazi ndani ya eneo hili, itaje kesi hiyo. Jina lake ni Satrose Ayuma.

Kuhusu majengo ya zamani ya eneo hili, usidhani kwamba kila mtu anajua thamani yake. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, yanahifadhi behewa ambamo afisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba huko Kima mwaka 1900, pamoja na injini za mvuke zilizowahi kupanda bonde. Jiji la New York liliruhusu Penn Station ibomolewe kuanzia 1963, na miaka miwili baadaye, kwa uchungu wa tendo hilo, likatunga sheria ya kuhifadhi majengo, ambayo ndiyo iliyoiokoa stesheni nyingine, Grand Central. Sisi tunaweza kuomba kinga kabla ya kubomoa. Taja jengo lenyewe, eleza lilivyo leo na linavyotumiwa, uombe liorodheshwe chini ya sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, na uulize ni nani atalipia matunzo yake.

Siku ya mkutano

Fika mapema na usome kichwa cha karatasi kabla ya kutia sahihi. Ikiwa imeandikwa “mahudhurio”, tia sahihi. Ikiwa inasema waliohudhuria wameunga mkono mradi, kataa, na umwombe mwenyekiti atenganishe karatasi mbili. Ukipewa nafasi, utakuwa na dakika mbili hivi: sema jina lako, unatoka wapi, jambo moja na ombi moja. Mengine yamo kwenye barua. Kisha mwombe mwandishi akusomee alichoandika. Usione haya, kumbukumbu ndizo zitakazobaki wakati wote mliokuwa mle ukumbini mmesahau.

Gawaneni mambo ili watu kumi wasirudie hoja moja na nyingine tisa zikakosa msemaji. Mwanamke muuza mboga aongee juu ya mboga, asisemewe na mwenyekiti wa chama. Mkutano ukiitishwa saa ambayo wafanyabiashara hawawezi kuacha meza zao, ombeni kwa maandishi mwingine wa jioni au Jumamosi, ufanyike karibu na stesheni yenyewe. Na barua yako ikabidhi mkononi ukiwa na nakala ya pili, ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo yenye muhuri itunze pamoja na kitambulisho chako.

Baada ya hapo

Mahakama ya Juu, katika kesi ya British American Tobacco iliyoamuliwa Novemba 2019, ilisema kwamba ushiriki wa umma lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi. Haikusema kwamba kila maoni lazima yakubaliwe. Kwa hiyo usidai ushindi, dai jibu. Andika ukiomba jedwali linaloonyesha kila maoni yaliyopokelewa, yamekubaliwa au yamekataliwa, na sababu. Likikosekana, tumia tena Sheria ya Upatikanaji wa Habari.

NEMA ikitoa leseni na ukaona mambo ya msingi yamerukwa, unaweza kukata rufaa kwa mahakama maalum ya mazingira iitwayo NET ndani ya siku 60. Kifungu cha 70 cha Katiba hakikulazimishi kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Njia hii si ya mapambo. Tarehe 26 Juni 2019 NET iliifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, baada ya wakazi kupitia Save Lamu kuonyesha kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilikuwa imefanyika mapema ya kuutambulisha mradi, lakini ripoti ya utafiti wenyewe haikurudishwa kwa watu waijadili. Linganisha hilo na ulichokisoma kwenye viambatisho. Ikiwa mikutano ya stesheni ilifanyika kabla ya ripoti kukamilika, na hakuna uliofanyika baadaye, waandikie sasa, kabla leseni haijatoka, ukitaja uamuzi wa Lamu kwa tarehe yake na kuomba mkutano mwingine. Kurekebisha kasoro hiyo mapema ni nafuu kwa kila upande, na wanasheria wa mradi wanalijua hilo vizuri.

Mradi wa ekari 425 utapita mikononi mwa magavana na mawaziri kadhaa. Wekeni faili moja ya kikundi, yenye barua zenye mihuri, majibu, picha zenye tarehe na orodha ya waliohesabiwa, kwa watu wawili wasioishi nyumba moja. Tangazo la awamu nyingine likitoka, msianze upya: fungueni faili, mtafute kile mlichojibiwa mara ya mwisho, na muulize kimetekelezwa wapi.